Kibandiko cha Zambarau kwenye Mti wa Babu

Mtaalamu wa kweli utamjua kwa karatasi. Miaka sita wamekuwa wakija hapa Paso Ramonal na mipango yao ya utalii, na sijamwona hata mmoja aliyekunywa kahawa yangu kabla hajanisainisha orodha ya mahudhurio: jina, namba ya kitambulisho, kabila, saini. Mume wa komadre wangu Ernestina, yaani shoga yangu wa ubatizo, hajui kuandika, amebonyeza dole gumba mara nyingi mpaka anasema siku akifa watambonyezesha akiwa jenezani.

Mimi jambo hilo nililijua miaka sita. Alhamisi ile nikalisahau.

Naitwa Obdulia Tesucún na nina mkahawa. Barabara ya Petén, huku kaskazini mwa Guatemala, inayoingia msituni inaishia kijijini kwetu, kwa hiyo kila gari linalotimua vumbi linaishia mezani kwangu. Napenda nyumba ijae. Mtu akila peke yake roho inaniuma, nakaa naye, namsimulia: nani kaoa, nani katoroka, nani kajenga choo cha vigae. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuwa napona kila siku.

Mwezi wa pili walikuja wawili kufanya warsha shuleni. Mhandisi Burgos alikuwa wa hifadhi, mrefu kama ngazi, mwoga wa siafu. Daktari Fidelina Ovalle alikuwa wa mipango ya utamaduni, sauti yake kama mtu anayekufunika shuka. Mwenzao wa tatu, wa utalii endelevu, alibaki mjini na kompyuta. Walitandaza ramani ya karatasi kubwa kuliko kitanda, wakatugawia vibandiko. Kijani kwa wanyama, bluu kwa maji, zambarau kwa hadithi na urithi.

"Viota vya kasuku wekundu msiviweke," Mhandisi alituambia. "Hata mimi msinionyeshe."

Tulimwelewa. Kinda moja la kasuku mwekundu lina bei ya kumfanya mtu aue. Mwaka juzi mlinzi wa viota wa kijiji cha pili alikutwa mtoni, amekufa, mikono imefungwa nyuma. Hatukubandika hata kijani kimoja karibu na viota.

Lakini Daktari alinijia na zambarau. "Doña Obdulia, wewe nipe hadithi."

Uniombe hadithi mimi! Nikampa mti wa babu Eusebio. Babu alikuwa mgema ulimbo wa chingamu, alianguka kutoka juu ya mti, akavunjika mgongo, akalala siku mbili chini ya mti wa jirani, mkantemo, akingoja wenzake. Kasuku wekundu walikuwa wakimpigia kelele juu mchana kutwa, na kelele hizo ndizo zilizowaongoza wenzake mpaka alipo. Tangu hapo familia yetu ndiyo inayoulinda mkantemo ule, na kila mwaka kasuku wanazaa humo. Sasa mlinzi ni kaka yangu Macedonio. Daktari aliandika yote pembeni mwa ramani kwa mwandiko mzuri, mpaka hilo la kuzaa. Kibandiko nilikibandika kwa kidole changu mwenyewe. Mhandisi alipita, akatazama, akaona ni zambarau, akaendelea. Zambarau haikuwa shamba lake.

Kisha ramani ikatundikwa ukumbini mjini mwezi mzima, maana mpango wa watu, walisema, lazima watu wauone.

Sasa hiyo Alhamisi. Mwezi wa nne, kiangazi kimekausha mabwawa yote. Saa mbili asubuhi liliingia gari la wazi, safi, na nyuma kitu kimefunikwa turubai. Wakashuka wawili wenye vizibao vya mifuko mingi. Mmoja mnene, mcheshi. Mwingine buti mpya, kimya.

"Doña Obdulia mwenyewe!" alisema yule mnene. "Mjini wanasema ukipita hapa bila kula, msitu unakukataa."

"Wanasema kweli. Kaeni. Nyie wa mpango?"

"Wa mpango, mama. Tumekuja kuhakiki vituo."

Niliwapa mayai, maharage meusi na tortila, chapati za mbegu za mti wa mramoni. Kule nyuma ya gari kuna nini? Vifaa vya kupimia. Wakauliza maswali yale yale wanayouliza wote. Njia ya kwenda mti wa babu ikoje? Mwendo wa saa ngapi? Wageni wangapi wanaweza kufika bila kuharibu? Nikawajibu yote.

"Na mlinzi yupo?" aliuliza mnene, akipangusa sahani kwa tortila. "Tusije tukamshtua."

"Kaka yangu. Yuko peke yake mpaka Jumamosi. Hamtamshtua, ila hamtampata kwenye redio, anaiwasha saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni tu, betri imechoka."

"Maskini. Peke yake."

"Amezoea. Makinda yamebakiza siku kumi yaruke, hawezi kuondoka."

Wa buti mpya alitabasamu kwa mara ya kwanza. Walinishukuru, wakaondoka na gari mpaka mwanzo wa njia. Nilibaki nimefurahi kabisa, nikimwambia paka kuwa wataalamu wa siku hizi wana adabu.

Saa nne walifika Mhandisi Burgos na Daktari Fidelina, siku moja kabla ya mkutano wa kupitisha mpango. Kabla hata ya salamu Daktari alitoa karatasi na kalamu. "Saini hapa kwanza, doña."

Nikaishika kalamu. Nikairudisha mezani.

"Wenzenu hawakunisainisha," nilisema.

"Wenzetu gani?"

"Wale wawili. Wenye vizibao."

Mhandisi aliweka begi lake chini polepole. "Doña Obdulia, sisi tuko watatu, na wa tatu yuko mjini. Waliuliza nini?"

Nilimwambia. Kila neno nililolitamka lilinirudi mdomoni chungu kama nyongo: mti, njia, zamu, redio. Daktari alikaa kwenye gunia la mahindi. "Mimi ndiye niliyeandika kwamba wanazaa humo," alisema. "Niliona ni maneno mazuri."

"Na mimi sikuyasoma," alisema Mhandisi.

Sikuwa na muda wa toba za watu waliosoma. Wale wametangulia saa moja na nusu. Njia yao, ile niliyowaelekeza, ni saa mbili na nusu. Ya wagema wa zamani, inayokata katikati ya bwawa kavu, ni saa moja ukikimbia. Daktari tulimwacha kwa Ernestina, anayeshika redio ya upepo ya ushirika, wawaite askari wa hifadhi. Mimi na Mhandisi tukaingia msituni, mimi na ndara zangu za jikoni.

Sijawahi kunyamaza saa nzima. Siku ile nilinyamaza. Kila nikifumba jicho nilimwona Macedonio mtoni, mikono nyuma. Bwawani matope yalikuwa yamepasuka vipande kama sahani, yanalia tukikanyaga, na kila kipande kikilia Mhandisi alikuwa akigeuka. Majani hayakucheza. Hata ngedere waliokuwa wakinguruma tangu alfajiri walikuwa wamekoma.

"Labda wamepotea," alinong'ona.

"Niliwaelekeza mimi. Hawawezi kupotea."

Ndipo tukasikia msumeno wa injini.

Mwanzo mbali, kama nyuki ndani ya chupa. Kisha ukanguruma, na juu ya mngurumo kasuku wakalia. Nilikimbia mpaka ndara moja ikabaki nyuma. Pale miti inapoachana Mhandisi alinivuta chini kwa gauni.

Mnene alikuwa kwenye shina la mkantemo na msumeno, vumbi jeupe linamwagika miguuni mwake. Wa buti mpya alisimama pembeni na bunduki, macho juu. Nikafuata macho yake. Macedonio alikuwa huko, juu kama mnara wa kanisa, amekumbatia tawi mbele ya tundu la kiota. Alikuwa amepanda mapema na kuvuta kamba nyuma yake. Hawakuweza kumfuata, basi wameamua kuuangusha mti na yeye humo humo.

Msumeno ukazimwa. Mnene alikuwa akigonga kabari kwenye jeraha la mti.

"Shuka, mzee!" aliita, sauti ile ile ya mayai na maharage. "Shuka na makinda, uende nyumbani kwa dada yako."

"Njoo uyachukue mwenyewe, bonge wee," kaka alijibu, lakini niliisikia sauti yake. Ilikuwa ya mtoto.

Mhandisi alinishika mkono. "Hatuna silaha," alisema. "Hatuna chochote."

Kwa kweli hatukuwa na chochote. Nilikuwa na mdomo. Nikasimama.

"Huku, huku!" nilipaza. "Warsha ni huku! Komadre Ernestina, pitisha watu! Wakina Chayax, acheni kusukumana! Nani kaleta watoto kwenye mkutano?"

Nikampiga Mhandisi kiwiko ubavuni. Akafungua mdomo, ikatoka sauti nyembamba kama ya jogoo mchanga, halafu ikapata nguvu. "Tunakuja! Askari wapite mbele!"

"Nawaona!" kaka alipokea kutoka juu, bila kusita hata pumzi moja. "Mungu wangu, kijiji kizima! Na askari! Obdulia, waambie wazunguke kwa bwawani!"

Bunduki ikageuka ikanitazama. Sijui nilisimamaje. Mguu mmoja ulikuwa peku juu ya mwiba na sikuusikia. Mnene aliniangalia, akaangalia miti nyuma yangu, akaniangalia tena.

"Doña Obdulia. Umetufuata na kahawa?"

"Nimewaletea wenzenu. Wanataka kuwasainisha."

"Wangapi?"

"Kaa uwahesabu wakifika."

Mhandisi alikuwa akivunja matawi kwa mikono miwili huko nyuma, akiita majina ambayo hayapo. Wa buti mpya alinong'ona kitu. Mnene akauweka msumeno begani kama mtu aliyemaliza kazi, akajipangusa vumbi la mti kwenye kizibao.

"Unapika vizuri, mama," alisema. "Nyumba nimeijua. Tutarudi kula."

Wakaondoka wakitembea, hawakukimbia. Laiti wangekimbia.

Macedonio aliteremka kwa kamba, akakaa chini, mgongo kwenye mti. Jeraha la msumeno lilikuwa la kina cha kiganja. Juu makinda mawili yalikuwa yakilia njaa.

"Nani aliwaambia kuwa niko peke yangu?" aliuliza.

"Mimi."

Hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko bunduki. Tuliusikiliza msitu mpaka saa tisa, ndipo akawasha redio. Sauti ya Ernestina ilikuja imekatika katika.

"Macedonio? Asante Mungu. Askari wanasema hawana gari leo, watafika kesho mchana. Mmesikia? Kesho mchana. Na kaka, sikiliza. Mume wangu amekwenda kutazama barabarani. Gari lao bado lipo pale mwanzo wa njia. Hajaja mtu kulichukua."

Betri ikafa.

Tulitazamana. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Kurudi kwa njia kubwa ni kukutana nao. Kwa bwawani nyayo zetu zimejichapa kwenye matope, na mtu anayejua kusoma angeona ni watu wawili tu waliopita. Na makinda yalibakiza siku kumi, na kaka yangu nilimjua. Alikuwa tayari ameanza kukata fito za kuegemeza mti.

"Wako karibu," Mhandisi alisema. "Wanasikiliza kama kweli tuko wengi."

"Basi tuwe wengi," alisema Macedonio. Aliniangalia, jasho linamtoka kwenye nyusi. "Ongea, Obdulia. Kwa nguvu. Usinyamaze."

Nikaegemea jeraha la mti, nikaanza kuwagombeza wakina Chayax, majirani zangu, kwa kuchelewa. Nikacheka kicheko cha Ernestina. Nikamwuliza mumewe habari za goti na nikamjibia. Mhandisi aliwasha moto mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu, mbali mbali, akirukaruka kukwepa siafu. Niliposimama kuvuta pumzi, kijiti kilivunjika ng'ambo ya miti, mahali ambapo hakuna mtu wetu.

Nikapandisha sauti.