Mlezi Ni Nani

Mkono wa dada ulikuwa juu kabla hakimu hajafunga mdomo. Alikuwa ameuliza tu, "Mlezi ni nani?" na mimi, niliyekaa na fomu magotini tangu saa tatu asubuhi, nikachelewa kuinua wangu.

"Mimi," dada akasema. "Huyu namlea mimi. Asikudanganye, ana ndevu tu."

Karani akainamia faili lake kuficha kicheko. Mimi sikujua nicheke au nilie.

Fomu ilisema kinyume. Mlezi: mimi. Anayelelewa: yeye. Mwaka ule alikuwa ameanza kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mara mbili nilirudi kutoka kazini nikakuta sufuria tupu inaungua jikoni, naye katulia sebuleni akinisubiri nitoke shule. Kulikuwa na kituo cha kutunza watu wazima mchana, nafasi ipo, ila bila amri ya mahakama wasingempokea. Na hakimu alishanionya: dada akikataa, itabidi tuanze upya, na nafasi ile haitatungoja.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Dada alikuwa na kumi na saba. Akaacha shule ili mimi niende. Sasa nimwambieje mbele za watu kwamba nimekuja kumvua cheo chake? Nilitaka akubali, na nilitaka akatae.

"Mama," hakimu akasema taratibu, "mdogo wako anaomba awe anakutunza. Ndiye atakayetia sahihi kwa niaba yako. Unakubali?"

Dada akanitazama usoni, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Kuandika anajua, nilimfundisha," akasema. "Haya, asaini. Ila asitoke nje ya mstari."

Nikasaini. Nilitoka nje ya mstari.

Jumatatu nikampeleka kituoni. Pale langoni alinifunga kifungo cha shati, akanifuta uso kwa kiganja, akaninong'oneza nisilie mbele za wenzangu.

"Nitakufuata saa kumi," akasema.

"Sawa, dada."

Siku nzima sikufanya kazi ya maana. Nilichelewa kidogo barabarani. Nilipofika, mhudumu akanipokea barabarani, akaniambia dada ametoka ndani kitambo, amekataa hata kukaa. Dada alikuwa amesimama langoni, mkoba begani, ananisubiri mimi nitoke.