Koti Juu ya Kiti

Kuna watu hujitetea kwamba walisukumwa na wenzao. Mimi sikusukumwa na mtu. Wazo lilikuwa langu, na laiti siku ile ningekuwa na haya niliyo nayo leo, ningelimeza pamoja na bia yangu.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya tamasha la Januari, wakati Glasgow nzima hujaa watu waliobeba vyombo vya muziki mgongoni, mvua ya theluji inawapiga wala hawajali. Kumbi kubwa ni za wenye tiketi. Sisi wengine tuna baa. Yetu ni kwa Senga, nyuma ya stesheni, ambako meza ya dirishani ina viti sita, na kila Jumapili kuanzia saa saba mchana ni vya wapigaji. Wiki za tamasha ukiinua makalio tu, mtu keshakaa. Ndiyo maana kwetu maneno "nishikie kiti" si ya mchezo. Aliyeombwa atagombana hata na polisi.

Siku ile nilikuwa na jambo langu moyoni. Struan, kijana mpiga filimbi mwenye kundi linalopanda vizuri, alikuwa amempoteza mpiga fidla wake, aliyeteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Jumatano walikuwa na jukwaa, ukumbini, kwenye tamasha lenyewe. Akaja kwa Senga na wenzake watatu kunisikiliza mimi. Nina miaka arobaini na tisa, napika chakula cha watoto shuleni, na nilikuwa sijawahi kupanda jukwaa lolote lenye taa. Nililitaka lile jukwaa kuliko kitu chochote.

Aliyenikalia kooni alikuwa Erchie.

Erchie Tannock alichomelea vyuma kiwanda cha meli miaka thelathini na minne, na masikio yake aliyaacha kulekule. Anapiga ngoma ya ngozi ya mbuzi, ile inayokumbatiwa kifuani na kupigwa kwa kijiti. Kupiga ni neno la heshima. Ukienda mwendo wa kutembea, yeye anakimbia. Ukikimbia, yeye keshafika nyumbani. Lakini miaka kumi na moja iliyopita, nilipoingia kwa Senga na fidla ndani ya sanduku, nimebanwa ukutani kwa woga, hakuna aliyenitazama isipokuwa yeye. Alisogea, akavuta kiti, akasema, "Kaa hapa, binti yangu. Hakina mwenyewe." Sikutoka tena.

Struan aliniambia, "Mama, hebu tupigie kitu cha polepole."

Wimbo wa polepole kwetu una mtu mmoja. Anayeupiga anaachwa peke yake, na wengine hata glasi huziweka mezani taratibu. Nilikuwa na ombolezo moja nililolifanyia mazoezi tangu Oktoba, jikoni, sufuria zikiwa ndizo wasikilizaji. Nikafumba macho. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri hata mimi nikajishangaa. Nilipoingia ya pili, nikasikia pembeni: du! Du-du-du!

Erchie alikuwa amefumba macho na yeye. Anatabasamu. Ngoma ilitembea juu ya ombolezo langu kama mtu aliyevaa viatu vya kazi msibani. Nikamaliza hivyohivyo. Kirsteen, binti wa kinubi katika kundi la Struan, alikuwa anajiuma mdomo asicheke.

Tulipokwenda kaunta, Struan akaninong'oneza, "Yule babu ni wako?"

"Ni wa baa tu," nikasema.

Ni wa baa tu. Miaka kumi na moja, nikaifuta kwa maneno manne.

"Basi tuhame. Kule karibu na mto kuna baa ina chumba cha nyuma. Ila yule asije, mama, nakuomba. Mwambie."

"Nimwambieje? Tutoke mmoja mmoja," nikasema. "Kila mtu na sababu yake. Mimi nitakuwa wa mwisho, na nitaacha koti kitini. Mtu haachi koti Januari kama harudi. Hatashuku."

Struan akacheka mpaka bia ikamwagika. "Kumbe na wewe ni mwovu, mama!"

Nikafurahi kusifiwa. Mtu mzima mimi, nikafurahi.

Wa kwanza akaenda kuvuta sigara. Wa pili akaenda kupiga simu. Kirsteen, kinubi mgongoni, akasema anakwenda kutafuta nyuzi. Struan akaenda chooni na filimbi yake.

"Leo vibofu vyenu vina nini?" Erchie akauliza. "Mnakojoa kwa zamu kama walinzi?"

Nikainuka na sanduku langu. Akanitazama. "Na fidla nayo imebanwa?"

"Kuna fundi yuko hapo nje, anataka kutazama kigingi cha kukazia uzi, kinalegea. Narudi sasa hivi, Erchie. Nishikie kiti."

Akaligusa koti langu. "Kiti chako? Labda wanibebe nacho."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita kwenye mapipa ya takataka, nikatembea mitaa miwili na sweta tu. Ilikuwa saa nane. Kwenye kile chumba tulipiga muziki ambao sijawahi kuupiga maishani. Kila mtu alikuwa anamsikia mwenzake. Saa kumi na nusu Struan akaniambia, "Jumatano ni wewe." Nikamkumbatia. Leo jioni, akasema, tunafanya mazoezi kwa Kirsteen, teksi inakuja saa kumi na moja na nusu.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba funguo za nyumba zimo kwenye koti. Nisijikoshe: ningekuwa na funguo mkononi, nisingerudi. Ningemwambia Senga anitunzie koti mpaka Jumapili, nikanunua jingine.

Kwa Senga kulikuwa kumefurika. Watu walikuwa wamesimama bega kwa bega, wengine na vyombo vyao kichwani. Na pale dirishani, viti vitano vitupu.

Erchie alikuwa kwenye cha sita. Kiti kimoja alikiwekea ngoma, cha pili mfuko wake, cha tatu skafu, cha nne kofia. Changu kilikuwa na koti, limekunjwa. Mezani kulikuwa na glasi tano za bia zilizojaa, povu limekufa zamani.

Senga akanidaka mkono kaunta. "Saa tatu, Ishbel. Hata chooni hajaenda. Ametukanwa humu na watu wazima, kuna jamaa karibu ambebe kweli na kiti. Nimemwambia mmehama, akaniambia nijali bia zangu." Akaniachia. "Shukrani ya punda ni mateke. Nenda kachukue koti lako."

Nikapenya mpaka mezani. Uso ulikuwa unaniwaka.

"Erchie. Tulichelewa, yule fundi..."

"Ameona kigingi?"

"Ndiyo."

"Kina ubaya?"

"Hapana."

"Vizuri." Akaisogeza glasi moja sentimita mbili, akairudisha. "Koti ni bora kuliko kofia."

"Kofia gani?"

"Sisi tuliacha kofia," Erchie akasema. "Mwaka wa sabini na nane. Kulikuwa na mzee, Hamish Orr, mpiga kinanda cha mkono, vidole vimemwisha kwa baridi yabisi. Alikuwa anatuharibia. Tukatoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, huohuo wa mapipa. Mimi nikawa wa mwisho, nikaacha kofia yangu kitini. Nikamwambia, Hamish, nishikie kiti."

Yeye alikuwa anatazama koti.

"Asubuhi yake nafika geti la kiwanda, namkuta Hamish amesimama kwenye theluji. Akanipa kofia. Ameipiga brashi. Hakupiga tena kinanda. Mimi nilikuwa najiandaa kumwomba radhi. Nikajiandaa mpaka Pasaka, akafa." Akakuna sikio. "Wanasema mtenda akitendewa hujiona kaonewa. Mimi sikuonewa. Ila miaka yote hii nilitaka kujua Hamish alikaa muda gani kabla hajaelewa. Mimi zimenitosha dakika kumi."

"Kama ulijua, mbona ulikaa saa tatu?"

Akanishangaa kwelikweli. "Si uliniomba nikushikie kiti?"

Machozi yakanijia, nikayameza, maana sikuwa na haki nayo. Nikaweka mkono juu ya mgongo wa kiti changu.

"Umenirudia mimi," akauliza, "au koti?"

"Wewe," nikasema.

Simu yangu ikaanza kutetemeka juu ya meza, kati ya glasi. Jina la Struan lilikuwa pale kwa herufi kubwa, na Erchie, asiyesikia sawasawa, anaona vizuri sana.

"Basi kaa," akasema.

Nilichotakiwa kufanya ni kukunja magoti tu. Sikuhitaji kuomba radhi kwa maneno mengi. Ningekaa, ningetoa fidla, ningemwacha anikimbize mpaka apendapo. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale. Na nililiona jukwaa na taa zake, na mimi juu yake.

"Jumatano nina ukumbi, Erchie. Teksi inangoja. Nitarudi Jumapili, tuzungumze vizuri."

Erchie aliinuka, magoti yakamlia, akalichukua koti. Akalikunjua, akalipangusa kwa kiganja, bega moja, kisha la pili, mpaka chini. Akanishikia nivae, kama anavyoshikiwa mgeni anayeondoka. Nikaingiza mikono. Funguo zikagonga mfukoni.

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipogeuka. Ukutani, nyuma ya umati, alikuwa amebanwa msichana mmoja, mvua inamchuruzika nywele, amekumbatia sanduku la fidla. Erchie alikuwa amekivuta kiti changu na kumgeuzia.

"Kaa hapa, binti yangu," nilimsikia akisema, kwa sauti kubwa ya kiziwi, baa nzima ikasikia. "Hakina mwenyewe."