Uchafu wa Sabuni

Kaka yangu wanamwita Sabuni, na jina halikumwonea. Ndiye fundi anayefunga vigae vya chuma ndani ya mtambo wetu, ule wa kuunganisha atomi kwa moto wa plazma. Kabla ya kuingia mle huoga, hukata kucha, hata pumzi huichuja kwa kitambaa. Mwite mwizi, atacheka. Mwite mchafu, utajuta kuzaliwa.

Kazi yangu ni spektrometa. Hupokea mwanga wa plazma kupitia kidirisha na kuuchambua kuwa mistari. Kila metali ina mstari wake, haina pa kujificha. Metali yoyote ngeni humo ndani tunaiita uchafu. Asubuhi ile, tulipowasha kwa majaribio, mstari wa shaba ukaruka juu. Shaba tunayo mahali pamoja tu: mabomba ya maji, nyuma ya vigae. Tungewasha kwa nguvu zote, bomba lingepasuka na mvuke ungeshuka hadi chumba cha pampu. Mume wangu alikuwa humo.

Nikashika kipaza sauti, roho juu. "Simamisheni! Uchafu! Uchafu wa Sabuni!"

Nilimaanisha ukuta wake wa vigae. Jengo zima lilisikia vingine.

Kaka akaingia na spana mkononi. "Mbele za watu? Mimi mchafu, mdogo wangu?" Ngumi ikanikuta puani kabla sijafungua mdomo. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, sijui yake au yangu. Akanibamiza ukutani, akaigeukia spektrometa na kuivunja vipande vipande.

"Haya, pima sasa!"

Mkuu wetu, mtu wa kupenda sifa, alikuwa na wageni nyuma ya kioo. Alifurahi, nakwambia. "Chombo kimekufa, ushahidi hakuna. Tunawasha." Akapeleka mkono kwenye kitufe.

"Ni shaba, kaka!" nikalia. "Shemeji yako yuko chini!"

Sabuni akaganda. "Shaba? Kile kigae nilichokifunga kwa skrubu moja... Mkuu, si wewe uliyenihimiza nimalize haraka? Acha, usibonyeze!"

Mkuu hakugeuka. Spana ikamshukia mkononi mara mbili, mfupa ukasikika ukivunjika. Nilifurahi, na siombi radhi.

Walinzi wakamtia kaka pingu. Mume wangu akapanda kutoka chini na mafuta mikononi, mzima, hajui lolote. Akaiona damu kifuani mwangu.

"Nani?"

"Kaka, lakini..."

Hiyo lakini hakuisubiri. Alimpiga shemeji yake mdomoni, mtu mwenye pingu, mpaka jino likadondoka sakafuni. Walinzi wakamrukia.

"Mwacheni," Sabuni akasema. "Hata mimi ningepiga."

Kisha akapiga magoti, akaliokota jino kwa mikono yake iliyofungwa, akavuta pindo la shati lake na kuanza kuifuta ile damu sakafuni.