Mwenye Haki ya Sauti Hii

Kwa mara ya tisa, mstari wa kijani ulitambaa mpaka asilimia sitini na moja, ukasimama, na kompyuta ikaniandikia yale yale: "Hitilafu imetokea. Jaribu tena." Jaribu tena! Kungekuwa na mtu wa kumkamata shati, ningemkamata. Mashine inakosea yenyewe, halafu anayeagizwa kurudia ni mimi.

DVD yenyewe ilikuwa ya harusi yangu, miaka kumi na minne iliyopita. Harusi sina haja nayo. Hata ndoa yake ilishavunjika. Nilichokitaka ni dakika nne tu, pale mama anaposimama mbele ya wageni, anashika kipaza sauti na kuzungumza. Mama alipata kiharusi mwaka jana. Miguu ilirudi, mkono ulirudi nusu, maneno hayakurudi. Sisi si watu wa kurekodiana, kwa hiyo sauti yake haikubaki mahali pengine popote, na diski ile ilikuwa imeanza kukwama kila ilipochezwa. Niliapa kuinakili kwenye kompyuta kabla haijafa kabisa.

Basi wiki tatu nzima, kila nikitoka kazini, nilikuwa mezani pale sebuleni, nimempa mama mgongo, nagombana na kioo. Nilipangusa diski kwa kitambaa cha miwani. Nilibadilisha programu, ya pili ikadai haitambui faili, ya tatu ikafanya kazi kwa madaha dakika kumi kisha ikajifunga bila hata kuaga. Mtandaoni nikakuta wenzangu wenye shida ile ile, wamejibiwa na wajuaji: "Soma maelekezo." Nikampigia simu kaka yangu, ambaye anafanya kazi za kompyuta huko aliko na hujiona profesa.

"Umeizima ukaiwasha?" akaniuliza.

"Kaka, huyu ni mama, si feni."

"Sasa mbona unanipandishia mimi?"

"Sikupandishii wewe. Nampandishia aliyetengeneza hiki kidude."

Nyuma yangu mama alitoa ile sauti yake mpya, ya mtu anayeanza neno kisha linamponyoka. "Unataka maji," nilimwambia bila kumtazama, nikaenda nikamletea. Aliishika bilauri tu, hakunywa.

Programu ya nne ndiyo iliyonimaliza. Hiyo ilikuwa na adabu zake. Iliandika: "Diski hii imelindwa isinakiliwe. Tafadhali wasiliana na mwenye haki." Damu ilinichemka. Mwenye haki! Mama yangu kasema kwa kinywa chake, kwenye harusi ya mwanawe, leo niombe ruhusa kwa nani? Nilichukua kasha la diski, nikaona jina la studio na namba ya simu, nikapiga, na mpiga picha alipopokea sikumpa hata nafasi ya kusalimia.

Alikuja Jumamosi mchana, mtu mzima sasa, ana kitambi na miwani, kabeba kisoma diski chake kwenye mfuko wa plastiki. "Shikamoo, mama," alisema, na mama akainua kiganja. Kisha akavuta kiti kando yangu.

"Dada, ile kufuli niliweka mimi," alisema. "Nilikuwa naziwekea zote. Watu walikuwa wananakiliana mtaani mpaka picha zinafifia, halafu lawama zinakuja kwangu."

"Kwa hiyo ukamfungia mama yangu ndani."

"Nimekuja kumfungulia. Lakini kufuli haikwamishi diski kwenye sitini na moja. Hebu niione."

Aliishika kwa ukingo, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Juu yake kulikuwa na kijikaratasi kilichobandikwa kwa gundi, karibu na ukingo, kimeandikwa kwa herufi kubwa: HARUSI YA BINTI. IPO MOJA TU. Chini yake plastiki ilikuwa imepinda, na ndani mlikuwa na doa la ukungu.

"Nani alibandika hiki?" mpiga picha aliuliza. "Hizi ni tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Gundi imezivuta mpaka zinaachana. Na ikizunguka na karatasi upande mmoja, inayumba."

Mama alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha nguo kwa miaka ishirini na saba. Nyumbani kwetu kila kitu kilibandikwa kijikaratasi: makopo, funguo, pasi, hata mlango wa choo. Kisichokuwa nacho alikihesabu kimepotea. Mimi mwenyewe nilikiona kile cha kwenye diski kila nilipoipangusa, wala sikukishuku. Katika nyumba hii tulifundishwa kushuku kitu kisichoandikwa. Nilikuwa nimewagawia watu hasira wiki tatu, na sasa nimefikishwa mlangoni kwa mhusika, nikashindwa kubisha hodi. Hilo nalo lilinikasirisha.

Nilipomtazama mama, macho yake yalikuwa kwenye diski. Alikuwa ameelewa kila neno.

"Si kosa lako," nilisema haraka haraka. Akageuza uso ukutani.

Mpiga picha alikata karatasi nyingine ya ukubwa ule ule, akaibandika upande wa pili ili diski isiyumbe. Akafungua kufuli yake. Akapunguza kasi ya kusoma mpaka ya chini kabisa, akaiagiza programu iruke pasiposomeka badala ya kusimama. Sitini na moja. Sitini na mbili. Ikaguna, ikaruka, ikaendelea. Saa nzima baadaye ikafika mia.

Tukaicheza nakala. Mama yule pale, gauni la bluu, kipaza sauti kakiweka mbali na mdomo kama asiyekiamini. Sauti ikajaa sebule, nzito, ya amri: "Huyu binti yangu ana hasira za karibu. Bwana harusi, usiogope. Zikimpanda, dawa yake ni moja tu—"

Picha ikakatika vipande, ikaganda, ikaruka. Wageni walikuwa wanacheka, mama anakaa.

Nikarudisha nyuma. Ikaruka tena pale pale.

"Dawa gani?" Nilipiga meza. "Wiki tatu nahangaika, halafu linaliwa neno hilo hilo?"

"Hapo hapatarudi, dada. Pole."

Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwake siku ile, nacheka na wageni, na sikumbuki hata neno. Nyuma yangu kiganja kilipiga mkono wa kiti, mara mbili. Niligeuka, nikageuza na kiti.

"Mama, ulisema dawa yangu nini?"

Tangu atoke hospitali, maswali yote niliyomuuliza niliyajibu mwenyewe. Alinitazama kwanza, kama anayehakikisha. Midomo ikatafuta, ikapata sauti, ikaipoteza. Akafumba macho, akaanza upya. Kwenye kompyuta muziki ulikuwa umeanza; nikauzima.

"Nadhani alisema—" mpiga picha alianza.

"Nyamaza," nilimwambia. "Mama anaongea."