Madoa ya Alfajiri

Kila alfajiri Célestin alipoingia majini kukagua mitego ya ukoo wake kwenye maporomoko ya Stanleyville, vidole, masikio na ncha ya pua vilimgeuka zambarau. Jua likipanda madoa yanatoweka, na yeye anabaki mzima kama wewe na mimi. Ungeelewa nini hapo? Jirani mmoja alimtazama masikio akanong'ona, "Ukoma." Neno hilo lilimkaa Célestin rohoni. Wenye ukoma walipelekwa kambini, mbali, naye hakujua angeishije bila Félicité, mkewe.

Félicité akamburuta hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani angemwambia bwana huyu? Kabla ya kutoka nyumbani Célestin alijibanza penye moto wa kukaushia samaki, akauota mpaka ngozi ikawa safi. Daktari Mzungu alimgeuza huku na huku, akaona mtu asiye na doa lolote, anayenuka moshi.

"Papa, unaumwa nini?" akauliza Hubert, muuguzi aliyekuwa akitafsiri.

"Hata miye sijui."

"Muongo!" Félicité akafoka. "Mumupatie maji ya baridi, mutaona!"

Likaletwa beseni la barafu. Célestin akatumbukiza mkono, na madoa yakatoka mbele ya wote. Daktari akamtoa damu, nyingine akaiweka kwenye friji, nyingine akaipeleka kwenye darubini. Walipoitwa tena, damu ya kwenye friji ilikuwa mabongemabonge. Daktari akaifumbata chupa kiganjani, mabonge yakayeyuka. Célestin alitazama damu yake ikifanya kiinimacho.

Daktari akasema mengi kwa Kifaransa. Hubert akamgeukia Célestin.

"Bon. Papa, hii haiko ukoma. Iko kansa ya damu. Baridi inaionyesha tu inje."

Célestin alikuwa amekwisha kusimama. "Haiko ukoma! Félicité, hakuna kambi!" Furaha ilimjaa hadi machozi. Lakini mkewe hakucheka, na Célestin akachanganyikiwa. "Nini tena? Si umesikia?"

Félicité alikuwa akimtazama Hubert. "Ukoma iko na dawa?"

"Iko nayo, mama. Siku hizi watu wanapona."

"Na hii?"

Hubert akamgeukia daktari, ila hakutafsiri swali. Célestin, bado akitabasamu, akamshika mkewe mkono amrudishe nyumbani.