Vanishi Isiyokauka Upesi

Shemeji yangu Kabemba alikuja kugonga sakafu yangu kwa kisigino kabla hata viti vya matanga ya mume wangu havijarudishwa parokiani. Aligonga karibu na dirisha, akagonga katikati ya sebule, akainamisha kichwa kusikiliza. Nilikuwa mlangoni na sahani mkononi. Nikajua papo hapo kwamba hakuja kumlilia kaka yake, bali kutafuta kilicho pale chini.

Katika mtaa wetu wa Kolwezi hakuna asiyejua maana ya kugonga sakafu. Watu wamebomoa vyumba vyao vya kulala ili wachimbe madini. Wanatundika turubai dirishani, wanashusha kamba, magunia yanatokea mlango wa jikoni. Wengine wamejenga maghorofa. Wengine wamezikwa mle mle. Mama Laurentine, jirani yangu wa ukutani, hakuchimba hata kwa kijiko, lakini jiko lake lilizama mchana kweupe kwa sababu shimo la jirani wa upande wa pili lilipita chini yake bila kupiga hodi.

Sasa, sakafu yangu si ya saruji. Ni ya mbao, za mti wa mulombwa, na kila kibao alikipigilia mume wangu Kalumba kwa mikono yake. Alikuwa mtu wa reli. Kila alipotumwa Kasaji alirudi na mbao mbili tatu begani, na watu wakamcheka kwamba ni nyumba ya maskini yenye sakafu ya askofu. Alikufa kabla hajaipaka kitu. Mbao zilikuwa tupu, zinakunywa kila tone la mchuzi. Mtu anitukane mimi, nitavumilia. Asiiguse hiyo sakafu.

Kabemba akatangaza baraza la jamaa, Jumamosi ijayo, siku tunayoiita ya posho. Katika ukoo wao, baraza la kumaliza matanga hukaa ndani ya nyumba ya marehemu, mlango umefungwa, na lililoamuliwa mle halitolewi nje wala halipingwi. Mjane hukaa chini na kujibu akiulizwa. Nimeona wanawake wakiingia katika baraza kama hilo wakiwa na nyumba, wakatoka na masufuria. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Kisha nikaenda sokoni kumtafuta Abibu.

Abibu ni seremala, mtoto wa wale Waislamu waliotoka Maniema, na nyuma ya karakana yake anauza rangi. Alikuja na makopo, akapiga msasa kona moja ya sebule, akapaka majaribio. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, mbao zikafanana na makaa ya Mutshatsha. Alisema wajane wengi huipenda, inaficha madoa na ina heshima. Nikamwambia nyeusi niliyovaa mwilini inatosha. Ya pili ilikuwa na rangi ya asali, nzuri kwa hoteli, lakini Kalumba hakubeba mbao begani ili wageni wa hoteli wazikanyage. Ya tatu haikuwa rangi hata kidogo, ilikuwa vanishi tupu, na alipoipitisha kwa brashi wekundu wa mulombwa ukajitokeza wote, na mishipa yake, kama siku mti ulipopasuliwa. Nililia, sioni haya kusema. Nikamwambia ni hiyo.

Ikabaki kuchagua aina, maana zisizo na rangi ziko nyingi. Kulikuwa na nta, ambayo ukimaliza kuisugua kwa kitambaa unaweza kucheza dansi juu yake. Kulikuwa na vanishi ya maji, unapaka asubuhi, jioni unaingia. Na kulikuwa na ile ya zamani, ya mafuta. Inanuka, inapenda vumbi, na kwa siku kadhaa huwezi kutia mguu. Ukikanyaga, alama inabaki mpaka upige msasa upya. Abibu alinishauri ya maji, kwa maana mtaa mzima ulishajua kwamba Jumamosi nina wageni.

"Mama Odile, ile ya mafuta itakufungia nyumba," aliniambia. "Bandugu ya bwana yako banakuya siku ya posho. Batapita wapi?"

"Njo ile mi nataka," nikamjibu. "Na uipake siku ya posho, asubuhi."

Akanitazama kidogo, akacheka kwa pua.

Jumamosi alianza kwenye ukuta wa ndani, akarudi kinyumenyume mpaka kizingitini. Mimi nilishatoa viti vyote uani na kuvipanga kandokando ya ukuta wa Mama Laurentine, ambao kimo chake hakizidi kifua cha mtu. Jamaa wakafika wamependeza. Mbele alikuwa Kabemba. Nyuma yake binamu mmoja ambaye sikumwona kwenye mazishi, mwenye mabega ya mchimbaji na udongo mwekundu kwenye kucha. Mwishoni mzee Kankolongo, mkubwa wa ukoo, ametoka Lubudi. Huyo masikio yake yaliliwa na mashine za kusaga mawe zamani, ukitaka akusikie lazima umkaribie.

Kabemba alifungua mlango, akanusa, akasimama. Akajaribu kwa ncha ya kiatu. Kiatu kikanata, akakivuta, na Abibu akapitisha brashi palepale. Nikawaeleza wakwe zangu kwamba itakauka katikati ya juma, na kwamba nasikitika. Sikusikitika. Mzee Kankolongo alikuwa amechoka na safari, akajitupa kwenye kiti cha kwanza cha uani, akasema mambo yasemwe hapohapo.

Kabemba akaanza kwa sauti ya kwenye ungamo. Alisema nyumba ya kaka ni nyumba ya ukoo. Mzee akaweka kiganja sikioni. Akarudia. Lori la mgodi likapita barabarani, likameza maneno yote. Mzee akamkaripia aseme kama mwanamume, kwa nini ananong'ona kama mwizi. Upande wa pili wa ukuta Mama Laurentine alikuwa anaanika nguo, na mikono yake ilikuwa imepunguza mwendo. Hapo ndipo shemeji yangu alipopaza sauti.

"Minasema tutaondosha mbao ya salon, tuchimbe pale chini! Mama Odile ataenda kuikala kwabo!"

Mama Laurentine aliacha shuka lianguke. Vichwa vikatokea uani kwa huyu na uani kwa yule. Mama Laurentine hakupiga kelele, aliuliza tu hilo shimo likishafika chini litaelekea wapi. Kabemba akasema hilo halimhusu. Lakini binamu wa kucha nyekundu, ambaye kumbe alikuwa mtu mkweli, akajibu kwa adabu kwamba mshipa wa madini unakwenda upande wake yeye mama, chini ya chumba kile chenye pazia la kijani. Ndicho chumba wanacholala wajukuu zake.

Basi wakaingia. Walipita langoni mmoja mmoja, majirani waliopasukiwa kuta, aliyempoteza mwanawe shimoni, hata wale wanaochimba kwao, wakasimama nyuma ya viti. Kabemba akalalamika kwamba mambo ya jamaa hayasemwi mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimeketi chini, mahali pa mjane. Nikainuka.

"Shimo haijue jamaa, Tata Kabemba," nikamwambia. "Inapita tu."

Akanyoosha kidole kwenye mlango wangu.

"Verni itakauka, shemeji. Tutarudia, tutaingia, tutafunga mulango."

"Itakauka. Murudie. Mutanikuta pale kati, Mama Laurentine pembeni yangu, na hawa bote bamekaa juu ya mbao ya Kalumba. Mulango sitaifunga tena."

Mzee Kankolongo alikuwa akitazama midomo yetu, huyu na yule, na hakuambulia kitu. Akamvuta Mama Laurentine kitenge, akauliza ninasema nini.

Mama Laurentine akainama mpaka sikioni mwake, akasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Anasema hatatoka."