Cheti cha Kuongea Tu

Tangu siku ya kwanza sikumwamini Muthoka. Mtu asomee redio Mombasa, kisha aje Kyumbi kwenye ofisi yetu ya walinzi? Ng'o! Kuna kitu alikuwa anaficha.

Mimi ndiye mkubwa wa chumba cha redio. Walinzi wetu huniachia simu zao asubuhi, wasije wakakaa kwa video getini. Wakipatwa na lolote, wanaita kwa redio. Simu ya ndugu yangu mdogo, Kilonzo, pia hukaa kwa droo yangu. Analinda ghala la kahawa huko Mitaboni, peke yake. Kila alasiri mama hupigia simu hiyo kuniuliza, "Nthambi, leo umemsikia?" Nami humjibu nimemsikia.

Wiki hiyo sauti ya Mitaboni ilikuwa inakwaruza. Nikamwambia Muthoka afungue mtambo aongeze nguvu.

"Siwezi, Madam. Cheti changu hakiniruhusu."

"Na hicho kilichoko ukutani ni cha nini?"

"Hicho ni cha kuongea tu. Kuna kingine cha watu wa melini, wanaopokea miito ya hatari baharini. Na kuna cha fundi. Huyo ndiye anaruhusiwa kufungua mtambo na kugusa nguvu zake. Tumwite fundi."

Aka! Karatasi tatu za sanduku moja! Nilicheka mpaka nikakohoa. Moyoni nikasema, huyu ni bandia, hicho cheti amekichapisha saiba, kwa kompyuta za kukodi. Kuanzia hapo nikawa namchunga. Akinong'ona kwa simu, natega sikio. Akisema "sawa", najiuliza sawa ya nini.

Alhamisi akatoka kwenda kula muthokoi. Nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu nne za mtambo, nikachomoa waya mmoja, nikafunga. Skrubu moja ikaanguka, sikuiona tena. Haidhuru. Akishindwa kutengeneza, nitakuwa na ushahidi wa kumpelekea mkurugenzi.

Akarudi, akaita vituo. Kimya.

"Madam, mtambo hausikii. Namwita fundi."

"Fundi ni wewe," nikamwambia, nimekunja mikono. "Si umesoma? Leo utatuonyesha."

Tukabishana. Nisikudanganye, nilikuwa nafurahia.

Ndipo simu ya ofisi ikalia. Alikuwa mama mmoja anayeuza nyanya Mitaboni, nje ya geti la ghala, palipoandikwa namba yetu.

"Askari wenu anaita na hiyo redio robo saa nzima! Watu wamekuja na pikapu, wamevunja ghala, wamempiga vibaya. Kwa nini hamjibu?"

Muthoka akachukua simu mkononi mwangu, akapigia polisi. Kisha akautazama mtambo, akaona tundu lisilo na skrubu, akanitazama mimi. Akachukua bisibisi, akafungua, akarudisha waya. Dakika mbili hazikuisha.

"Kumbe unajua!" nikapiga kelele.

"Kujua ni kujua, Madam. Ruhusa ni ruhusa."

Redio ikakwaruza. "Kyumbi... Kyumbi... Sista, mko wapi?"

Nikashika maiki, nikampa Muthoka. Muthoka ndiye aliyemjibu, polepole, kwamba polisi wako njiani, asizime redio. Kilonzo akajibu mara mbili. Mara ya tatu hakujibu. Muthoka aliendelea kumwita, na mimi nilikuwa nalia kama mtoto.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Nilimtegea Muthoka, akanaswa mtoto wa mama yangu.

Muthoka akafungua kitabu cha redio, akaandika: "Saa nane na dakika kumi. Nimefungua mtambo bila cheti cha fundi. Muthoka." Mstari wa juu yake aliuacha wazi. Akanisukumia kalamu.

"Huo ni wako, Madam."

Nilikuwa bado nimeishika ile kalamu wakati simu ya Kilonzo ilipoanza kulia kwa droo. Nikaipokea.

"Nthambi," mama akasema, "leo umemsikia?"